Boti Iliyokuwa Ikifika Kimya

Mamlaka yenye dhamana ya vyombo vya majini ilitangaza, kwa tangazo lililobandikwa gatini na kusomwa redioni na mtu mwenye sauti ya msiba, kwamba chombo salama ni kile ambacho mashine yake haizimiki pasipo amri ya nahodha. Kwamba chombo chochote ambacho mashine yake huzimika kinapokaribia gati ni hatari kwa abiria, kwa mali za abiria, na kwa gati lenyewe. Kwamba kila chombo kitakaguliwa kikiwa majini, mkaguzi akiwa ndani yake. Na kwamba kitakachoshindwa kitavutwa nchi kavu na kukaa huko mpaka kipate mashine mpya. Neno gati lilitajwa mara nyingi kuliko neno abiria, lakini tangazo lilikuwa refu na huenda ilitokea tu.

Watu wa gatini walilisoma, wakakubaliana kuwa lina busara, na wakakubaliana zaidi kuwa halimhusu Paka.

Paka alikuwa nahodha wa boti ya kuvusha watu. Zamani pale palikuwa bonde. Likajengwa bwawa la umeme, maji yakapanda, na barabara ya lami ikabaki inashuka polepole mpaka majini, na mstari wake mweupe katikati, kisha ikatokeza ng'ambo kana kwamba hakuna lililoipata. Upande huu kulikuwa na soko, benki na ofisi. Ng'ambo kulikuwa na kiwanda cha mbao, zahanati na shule. Nguzo za simu za barabara ile bado zilisimama majini kwa mstari, hazina waya, zikipokea ndege badala ya habari. Na kati ya pande hizo mbili, kutwa nzima, alikuwepo Paka na boti yake nyeupe iliyokula chumvi nyingi ingawa maji yale yalikuwa baridi, yenye mashine iliyofungwa ndani upande wa nyuma, chini ya kifuniko ambacho abiria wa mwisho kupanda ndiye aliyekikalia.

Jina hilo alipewa kwa namna alivyofika. Boti nyingine zilikuja gatini kama ugomvi: mashine inanguruma, nahodha anatia rivasi, moshi unapanda, watu wanashikana na wasiojuana. Boti ya Paka ilipofika kwenye nguzo ya mwisho ya simu ilinyamaza. Ikateleza. Ikaja mpaka ukingoni mwa gati na kutua kama kikombe kinavyowekwa kwenye kisosi na mtu mwenye adabu. Wauguzi waliotoka zamu walisinzia ndani yake na kuamshwa na jirani, si na mgongano. Wenye mayai walimngoja yeye, hata kama boti nyingine ilikuwa imeshafungua kamba. Mwalimu wa fizikia wa ng'ambo aliwahi kuwaleta wanafunzi wake waje kumtazama, akawaeleza jambo refu huku akionyesha kwa mkono, na Paka akaitikia kwa kichwa kama mtu anayethibitisha.

Ukweli ulikuwa mfupi zaidi. Paka hakuwa akizima mashine. Mashine ilikuwa ikizimika.

Ilianza miaka mingi nyuma. Siku moja alipouvuta mkono wa gia kutoka mbele kuuleta fri, pale gia isiposhika, mashine ilikohoa ikafa, akafika gatini kwa kasia na kwa aibu. Fundi wa wakati ule alifungua kifuniko, akaikaza skrubu ya mzunguko wa chini, ule ambao mafundi huuita sailensi, ili mashine iwe na nguvu ya kuvumilia. Kweli ikavumilia. Lakini sasa kila gia ilipoingia ilipiga kishindo kama mlango wa gereza, boti nzima ikaruka, na mama mmoja akashuka na trei ya mayai yaliyokwisha kuchanganyika. Jioni ile Paka alifungua kifuniko mwenyewe akairudisha skrubu mahali pake. Kati ya kuzimika na kuruka, alichagua kuzimika.

Baada ya hapo alijifunza. Aligundua kuwa akiuvuta mkono boti ikiwa sambamba na nguzo ya mwisho, mashine itazimika palepale, na mwendo uliobaki utamfikisha gatini bila kuzidi wala kupungua. Boti ikijaa anavuta mapema kidogo. Upepo ukiwa wa mbele anachelewa. Watu wakaanza kusifu. Paka akanyamaza, kunyamaza kwake kukaonekana ni unyenyekevu, akasifiwa kwa hilo pia. Ilifika mahali kusema kweli kungekuwa ni kuwanyang'anya watu kitu chao.

Aliyejua ni mkewe peke yake. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na sebule yao ilikuwa nusu sebule, nusu karakana: cherehani dirishani, meza ya kukatia vitambaa katikati, na kwenye makochi kola za mashati zimepangwa wima kama wageni waliokuja kikao. Paka alikula chakula chake kwenye pembe ya meza aliyoachiwa. Siku ya tangazo alikula akaeleza habari zote, akamalizia kwa maoni yake kuwa mambo haya ya serikali huja kwa kelele yakaondoka kimya, na kwamba jambo la busara ni kungoja.

Mkewe aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Nimeshampigia dada," akasema.

Paka aliweka kijiko chini. Alikuwa tayari kwa mkaguzi. Kwa shemeji yake hakuwa tayari.

Shemeji alikuwa fundi wa majenereta wa kiwanda cha mbao, mwanamke mpana, wa ovaroli ya buluu yenye mifuko mingi, na ulimi ambao nao ungehitaji kibali cha kuendeshwa. Utani wao ulianza siku ya posa na haukuwa umepumzika tangu hapo. Alifika gatini asubuhi ya mapumziko yake, akasikiliza maelezo yote ya Paka akiwa ameegemea nguzo yenye tangazo, akamtazama toka juu mpaka chini.

"Kwa hiyo shemeji," akasema, "miaka yote hii ulikuwa ugonjwa, sisi tukadhani ni ustaarabu."

Paka alimwomba apunguze sauti. Shemeji alisema sauti yake haina skrubu.

Hakugusa kitu siku ile kabla ya kupanda kama abiria. Alikaa juu ya kifuniko cha mashine, akafumba macho, akavuka kwenda na kurudi, na watu walioshuka walimwonea huruma wakidhani anaumwa. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Mtu akimletea jenereta na kumwambia linasumbua hiki, alilisikiliza kwanza kama hakuambiwa kitu, kwa sababu, alivyosema, mwenye mashine huleta shtaka, haleti ugonjwa. Aliposhuka alisema kuna magonjwa mawili humo ndani, yamekaa pamoja muda mrefu mpaka yamefanana.

La kwanza lilikuwa la sailensi. Mashine ikiwa fri ilipumua kama mtu anayepanda ngazi na gunia, inapanda, inashuka, inakumbuka jambo, inasahau. Shemeji alifungua kabureta, akaitandaza juu ya gazeti kwenye benchi la abiria, akakuta kitundu kidogo cha kupitisha petroli ya mwendo mdogo kimezibwa na utando wa petroli ya zamani, wa rangi ya chai. Akakizibua kwa unyuzi mmoja wa waya wa shaba. Akakuta pia kijimpira cha hewa kimepasuka upande usioonekana, kinavuta hewa isiyoalikwa. Akakibadilisha. Plagi alizisugua, akazipima, mbili akazitupa. Alipowasha, mashine ilitikisika kidogo, kisha ikatulia ikawa inanguruma chinichini kama friji ya jirani. Alilala kifudifudi akairekebisha skrubu kwa bisibisi, robo ya mzunguko kwa robo, mpaka akaridhika.

Paka alifurahi kiasi cha kutaka kumpigia mkewe simu. Alifungua kamba, akazunguka mbali kidogo, akarudi. Kwenye nguzo ya mwisho akauvuta mkono wa gia. Mashine ikazimika.

Wakateleza mpaka gatini. Boti ikatua vizuri sana, na mpokea kamba, mzee mwenye kofia ya sufu aliyekuwa hajui lolote, akamwambia Paka kwamba hiyo ya leo imezidi zote.

Shemeji hakucheka. Alimwambia auchezeshe mkono wa gia, mashine ikiwa imezimwa, mbele, fri, nyuma. Paka aliukamata kwa mikono miwili, akaegemea kwa uzito wake.

"Mkono mzito hivi tangu lini?"

"Tangu zamani. Nimeuzoea."

Shemeji alirudia neno hilo, nimeuzoea, taratibu, kama daktari anayeandika. Akafungua pini ya kebo inayotoka usukanini. Mkono ukawa mwepesi, unasukumwa kwa kidole. Basi uzito haukuwa juu. Ulikuwa kwenye kebo ya pili, ile inayotoka kwenye mashine, ikapita kwenye ukuta wa nyuma wa boti na kushuka majini mpaka kwenye gia za pangaboi. Akamwita Paka ainame, akamwonyesha swichi ndogo, kama kidole gumba, iliyojificha ubavuni mwa mashine. Alimweleza kuwa nahodha akivuta gia, swichi ile hukata moto wa plagi kwa kufumba na kufumbua, meno ya gia yaachiane bila kung'ang'aniana, kisha moto unarudi kabla mashine haijajua kuwa ulikwenda. Lakini kebo ikiwa nzito, mkono unavutwa ila gia haitoki. Swichi inabaki imebanwa. Moto haurudi.

"Ni kama mtu anakwambia nyanyua mguu nifagie," akasema, "halafu anaenda sokoni. Wewe uko palepale, mguu juu. Mwisho utaanguka tu."

Paka aliuliza kama kosa basi ni la mtu wa fagio. Shemeji alisema kwanza waone fagio lenyewe.

Kuitoa kebo ile kulichukua muda mrefu kuliko mambo yote mengine, kwa sababu haikutaka kutoka. Ilipokubali ilikuja na tope la kahawia, zito, lililoganda kama sabuni ya kufulia iliyosahauliwa. Shemeji alilisugua kati ya vidole, akalinusa. Ilikuwa ni grisi, na ndani ya grisi unga wa mbao. Kiwanda cha ng'ambo kilimwaga vumbi lake la misumeno majini tangu kilipofunguliwa, na vumbi lile lilielea kila mahali likitafuta pa kushika.

"Nani alitia grisi humu?"

Paka alinyooka. Hili alikuwa na jibu lake. Alisema ni yeye mwenyewe, kila mwaka, kwa mkono wake, kopo zima, na hajawahi kuruka hata mwaka mmoja. Manahodha wengine hata hawajui kama kebo hiyo ipo.

Shemeji alijifuta vidole kwenye ovaroli. Kebo ya aina ile, alieleza hatimaye, kwa sauti ya upole ambayo Paka hakuwahi kuisikia kutoka kwake na hakuipenda, ilitengenezwa iteleze ikiwa kavu. Haitaki kitu.

"Umeitunza, shemeji," akasema. "Umeitunza mpaka umeiziba."

Kebo nyingine ilipatikana kwenye boti ya kuvuta magogo iliyostaafu nyuma ya kiwanda, ambamo kuku wa mlinzi walikuwa wakitagia. Kuku mmoja ilibidi ahamishwe. Shemeji aliipitisha kebo, akaipima, akairefusha mzunguko mmoja wa nati, akairudisha nusu, akairefusha tena, akimwambia Paka avute gia huku yeye akitazama swichi: sasa ilibonyea na kuachia, ilibonyea na kuachia, kama jicho linalokonyeza. Mashine ikiwa inawaka Paka aliuvuta mkono kwenda mbele, akaurudisha fri, akaupeleka nyuma, akaurudisha. Haikuzimika. Alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hakukuwa na kishindo, hakukuwa na kukohoa. Alikuwa na mashine nzima kwa mara ya kwanza tangu mtoto wao wa kwanza aanze shule, na mtoto yule sasa alikuwa na watoto.

Wakaenda kuijaribu, wawili peke yao. Kwenye nguzo ya mwisho Paka aliuvuta mkono kama siku zote. Mashine iliendelea kunguruma chinichini, kwa raha zake, na boti ikateleza. Ikafika gatini. Ikalipita gati. Mpokea kamba alikuwa ameshanyoosha mikono, akaigeuza taratibu kuifuata boti kama mtu anayeaga. Iliendelea mpaka pale barabara ya zamani inapoingia majini, ikapanda lami kwa sauti ya kukwaruza, ikasimama juu ya mstari mweupe.

Shemeji alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Hapa tunashukia kituo gani?"

Iliwachukua muda kuelewa, na aliyeelewa kwanza, kusema haki, ni Paka. Mashine ilipokuwa ikizimika, ilizimika gia ikiwa bado imeshika. Pangaboi lilisimama ghafla ndani ya maji na kuikokota boti kama nanga ndogo. Sasa mashine haikufa, gia ilitoka vizuri, pangaboi lilizunguka ovyo, na hapakuwa na kitu cha kuizuia boti. Hesabu zake zote, za nguzo, za upepo, za abiria wanene na wembamba, zilikuwa hesabu za boti yenye breki. Na breki yenyewe ilikuwa ule ubovu.

Shemeji alisema dawa iko wazi, nayo ni ile wanayotumia manahodha wote duniani: rivasi. Paka alisema anaijua rivasi. Hakusema kuwa mara ya mwisho alipoitumia ilikuwa ni kwa mashine nyingine.

Basi kila jioni, abiria wakiisha, alitoka na boti tupu kujifunza kufika. Akivuta mapema alisimama katikati ya maji, mbali na kila kitu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alifuata nini. Akichelewa alitia rivasi, na boti ikatupa makalio pembeni, ikapiga kelele, ikameza moshi wake mwenyewe. Gatini habari zilienea. Walisema Paka anazeeka. Walisema macho. Mwenye mayai mmoja alionekana akishuka boti nyingine na hakumtazama usoni.

Hilo lilimuuma kuliko mkaguzi. Habari ya kunyimwa kibali na kuvutwa nchi kavu aliweza kuifikiria usiku na bado akalala. Boti ingevutwa, angeketi nyumbani, angetia mashati vifungo. Lakini alipofikiria boti ikivutwa alikuwa akimwona pia yule mama mwenye mayai akisema, nilijua. Siku moja kabla ya ukaguzi mkewe alifunga cherehani mapema, akachukua shati lililobaki kutiwa vifungo, akaenda naye majini. Alikaa benchi la mbele, akashona, hakutazama gati hata mara moja. Paka alifika vibaya, akafika vibaya kidogo, akafika vibaya tena.

"Kufika unajua," mkewe akasema, akitafuta tundu la sindano. "Usichojua ni kufika na kelele."

Alisema hivyo kama mtu anayesema hali ya hewa. Paka alizungusha boti, na mara iliyofuata alifika sawasawa, kwa rivasi ndogo, iliyonong'ona. Mkewe alikata uzi kwa meno akasema haya, twende tukale.

Mkaguzi alikuja asubuhi. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyevaa jaketi la kuokolea maisha ambalo bado lilikuwa na kibandiko cha dukani, na alisalimia watu wote gatini mmoja mmoja, jambo lililofanya watu wamwogope zaidi. Aliomba kifuniko kifunguliwe. Akasikiliza mashine ikiwa fri, kichwa kimeinama, kwa muda ambao shemeji, aliyekuwa amejisimamisha gatini kwa bahati tu na ovaroli yake safi, aliuona unatosha. Aliomba gia: mbele, fri, nyuma, fri, tena, tena. Mashine ilinguruma chinichini. Mkaguzi alitikisa kichwa kwa namna ambayo Paka hakuielewa, kisha akasema sasa tuvuke, na watu wapande kama kawaida.

Wakapanda. Kwenda ilikuwa salama. Ng'ambo Paka alifika kwa rivasi ya kiasi, na mkaguzi akaonyesha kuridhika. Kurudi ndiko kulikojaa. Wauguzi walikuwa wametoka zamu. Watatu walikaa benchi la mbele, na kabla ya kufika katikati ya maji vichwa vyao vilikuwa vimelaliana, wa katikati mdomo wazi kidogo, na mfuko wa nyanya magotini.

Paka aliwaona. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kama yaliharibika. Aliipita nguzo ya mwisho akauvuta mkono kuuleta fri, kwa wakati mzuri tu. Boti ikateleza. Gati likasogea. Mkono wake ulikuwa kwenye gia, tayari kwa rivasi, na rivasi ingekuja na mngurumo na mtikisiko, na wale watatu walikuwa wamelala. Alifikiri labda haitahitajika. Alifikiri labda kidogo tu, baadaye. Alipoitia ilikuwa baadaye kweli.

Boti iligonga gati. Haikuwa kwa nguvu ya kumwangusha mtu, lakini ubao mmoja wa ukingo ulipasuka kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia hadi mwisho wake. Nyanya zikabingirika. Muuguzi wa katikati akafumbua macho, akatazama gati, akamtazama Paka, akauliza kwa usingizi kama wamebadilishiwa nahodha.

Mpokea kamba alishika kamba akasahau kuifunga. Shemeji alivua kitambaa kichwani akakifunga upya. Wote walimtazama mkaguzi, aliyekuwa amepiga goti moja kwenye sakafu ya boti, sikio lake karibu na kifuniko cha mashine, kiganja kimoja kimeinuliwa kuwaomba kimya.

Chini ya kifuniko mashine ilikuwa inanguruma kama friji ya jirani.

"Haijazimika," mkaguzi akasema.

"Haijazimika," Paka akakubali.

Mkaguzi alisimama, akapangusa goti. Alieleza kwamba amekagua vyombo vingi tangu zoezi lianze na vingi kati ya hivyo vilizimika kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mashine inayopata pigo namna ile na isishtuke ni mashine iliyotunzwa. Akabandika kibali kwenye kioo cha mbele, akakilainisha kwa ukucha pembe zote. Paka aliona ni uungwana kumwonyesha ubao. Mkaguzi aliutazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama msiba wa nyumba nyingine.

"Gati," akasema, "liko chini ya idara nyingine."

Jioni ile nyumbani walikula wote watatu, kola zikiwa zimehamishwa kutoka kwenye kochi moja ili shemeji apate pa kukaa. Alikula vizuri. Paka alikuwa na raha ya mtu aliyebakiziwa kazi yake, lakini alikuwa pia na kitu kingine, na alikizungusha sahanini muda mrefu kabla ya kukisema: alisema ana mashine nzuri, ana kibali, na hajui atawaambia nini wale wauguzi kesho.

Shemeji alimwuliza kama alilisoma tangazo au alilitupia macho tu. Limeandikwa kuwa mashine isizimike pasipo amri ya nahodha.

"Basi si uamuru, shemeji. Nani amekukataza kuamuru?"

Mkewe alicheka kwanza. Paka alichelewa kidogo, kwa sababu alikuwa ameshaanza kupiga hesabu.

Asubuhi yake, boti ilipofika sambamba na nguzo ya mwisho, hakugusa mkono wa gia. Aliinama kidogo, akageuza ufunguo. Mashine ikazimika gia ikiwa imeshika, pangaboi likasimama, maji yakaanza kuikokota boti kwa namna aliyoijua kwa nyayo zake, na kimya kikaja. Wauguzi hawakuamka. Mwenye mayai, aliyekuwa gatini akingoja boti nyingine, alisogea hatua chache upande huu. Baadaye, Paka akiwa anafunga kamba, alivuta mkono wa gia kwa kidole kimoja ukaja fri, akasimama hapo akiuvuta na kuurudisha, kwa sababu tu ulikuwa mwepesi. Mpokea kamba alimwambia ameona amepata nafuu ya macho. Paka akanyamaza, na watu wakasema ni yuleyule.

Amefika hivyo kila siku tangu wakati huo, na abiria hupanda na kushuka mbele ya kibali kilichobandikwa kiooni, ambacho jua limeanza kukipausha. Idara inayohusika na gati ilikuja kwa wakati wake, ikapima, ikabadilisha ubao. Ni ubao wa kwanza kuvunjwa na boti ya Paka, na mpaka leo ndio pekee.